Folda Iliyoitwa Droo

Jumatatu, 3 Juni

Kwa wahusika wa Dawati la Msaada,

Mimi ni mama wa yule mpima ardhi wenu mrefu, anayetembea kama anahesabu hatua. Anwani yenu nimeitoa chini ya barua pepe zake, pale mlipoandika kwamba mwenye tatizo lolote awaandikie. Basi mimi ninalo.

Mwanangu alinifungulia folda ndani ya sanduku lake la barua la ofisini, akanipa ruhusa ya kuingia nikiwa huku nyumbani kwangu. Anaandika barua, haitumi, anaiacha mle. Mimi naingia, naisoma, naandika yangu, naiacha. Barua zetu hazisafiri. Folda inaitwa Droo, kwa sababu alipokuwa mdogo nilikuwa natoka kwenda kazini kabla hajaamka na kurudi ameshalala, tukawa tunaachiana vikaratasi kwenye droo ya vijiko. Chakula kiko wapi, shati lipi livaliwe, nani kampiga nani shuleni. Mpaka leo kwenye simu hatuwezani. Tukipigiana tunaulizana habari za mvua, kisha kila mmoja anamsikiliza mwenzake akipumua.

Ijumaa nilifungua kompyuta nikaikosa. Jina lake lilikuwa upande wa kushoto, chini ya sanduku langu, na sasa halipo. Nimebofya kila kinachobofyeka. Nimezima na kuwasha mara nne. Nimemwita jirani mwenye duka la simu, naye akabofya vile vile nilivyobofya mimi, kisha akaniambia mtandao uko sawa.

Naishi peke yangu. Folda hiyo ndiyo mazungumzo yangu ya wiki nzima, kwa hiyo naomba suala hili lisilale mezani kwenu.

Wenu,
Mama wa Mpima
(Karani wa masjala mstaafu, miaka thelathini na moja kazini)


Jumanne, 4 Juni

Shikamoo Mama,

Barua yako imepokelewa na kupewa namba 2217. Asante kwa kuwasiliana na Dawati la Msaada.

Ili tuweze kufuatilia, tafadhali tujulishe ulikuwa na ruhusa ya kiwango gani. Wapo wanaoruhusiwa kusoma tu. Wapo wanaosoma na kuandika. Wapo pia wanaoweza kubadilisha yaliyomo, kuhamisha barua na kufungua folda ndogo ndani ya ile kubwa. Jibu lako litatusaidia kujua pa kuanzia.

Fundi wa zamu,
Dawati la Msaada


Jumanne, 4 Juni, mchana

Marahaba fundi wa zamu,

Sijui wewe ni wa kike au wa kiume, maana umeandika kama tangazo la mlangoni. Lakini umejibu siku ya pili, na kwa ofisi hiyo si haba.

Nilikuwa na ruhusa zote. Siku aliponifungulia alikaa hapa mezani, akanionyesha kila kitufe, akasema, “Mama, humu ni kwako, panga upendavyo.” Nami nikapanga. Nimekaa masjala maisha yangu yote, chumba cha majalada, watu wanadhani ni chumba cha vumbi kumbe ndiyo kumbukumbu ya ofisi nzima. Siwezi kuona karatasi zimerundikana. Nilifungua folda ndogo tatu: Zinazosubiri, Zinazoendelea, Zilizokwisha. Kila barua yake nilipoimaliza niliandika chini, “Imeonekana. Ihifadhiwe,” kama mhuri wetu ulivyokuwa, kisha naipeleka panapostahili. Ukiiona folda ile utadhani ni ya serikali.

Nakuomba jambo moja. Usimsumbue mwenyewe. Yuko porini na vyombo vyake, wanapima njia ya barabara, na sitaki aambiwe mama yake kashindwa na kompyuta. Tumalizane sisi wawili kimyakimya.

Mama wa Mpima


Ijumaa, 7 Juni

Shikamoo Mama,

Mimi ni wa kiume, na niite Fundi tu, inatosha.

Nimeangalia suala lako. Mwishoni mwa Mei tulihamisha barua za wafanyakazi kwenda kwenye mtambo mpya, na baadhi ya ruhusa za watu wa nje zilipotea njiani. Inawezekana yako ni mojawapo. Kuzirudisha kutachukua muda kidogo. Samahani kwa usumbufu, na naomba uvumilivu wako.

Fundi


Jumapili, 16 Juni

Fundi,

Shikamoo yako ya Ijumaa ile nimeiitikia hapa hapa kwenye kiti, hujaisikia tu.

Jumapili tatu sasa. Hiyo ndiyo siku yangu ya Droo. Nafua, naanika, najipikia chai, nakaa mbele ya kompyuta na miwani yangu, na hata kama hajaandika kitu nasoma za zamani kwa mpangilio. Leo nimefua, nimeanika, nimekunywa chai, nikabaki naangalia ukuta. Barua za kumwandikia naziandika kwenye daftari nikisubiri, ili ruhusa ikirudi nizinakili zote. Nimemweleza habari za bomba la uani lililopasuka tena na fundi aliyekuja akalipasua zaidi. Mambo yangu si makubwa.

Kuna barua moja nataka kukuomba uitafute kwanza. Ni ya tarehe kumi na moja Februari, imo kwenye Zilizokwisha. Mkewe aliondoka tarehe kumi. Mwanangu aliniandikia kesho yake, barua ndefu kuliko zote alizowahi kuniandikia tangu azaliwe, naye si mtu wa maneno. Hiyo niliiweka peke yake, nikaipa hata namba. Nyingine zikipotea nitalia kidogo, ila hiyo ikipotea sitakusamehe. Nakutania, lakini si sana.

Mama wa Mpima


Jumatatu, 17 Juni

Ndugu Mpima,

Hatujawahi kuonana. Mimi ni fundi wa Dawati la Msaada, ghorofa ya chini, chumba kisicho na dirisha. Nakuandikia nikijua uko kambini na mtandao huko ni wa kubahatisha.

Mama yako anatuandikia. Anadhani folda yenu imepotea kwa hitilafu. Nimeangalia kumbukumbu za mtambo: ruhusa yake iliondolewa kwa mkono, kupitia akaunti yako, Alhamisi tarehe 30 Mei, saa nne na dakika saba asubuhi. Yaliyomo sikuyafungua na sitayafungua. Nilichokiona ni tarehe na jina lako tu.

Nimemdanganya kwamba ni mtambo. Nilidhani labda ulibofya kwa bahati mbaya, nikataka kukupa nafasi ya kurekebisha kabla hajajua. Kama ni hivyo, nijulishe nikuelekeze, ni kazi ya dakika moja. Kama si hivyo, nijulishe pia, kwa sababu amenipa siku za kutosha na mimi nimebakiwa na uongo tu.

Fundi, Dawati la Msaada


Jumanne, 18 Juni

Fundi,

Sikukosea. Ruhusa niliiondoa mimi, na ibaki hivyo.

Hukuuliza sababu, na hiyo nakushukuru, lakini nitakuambia ili usinione mtoto mbaya. Mke wangu alipoondoka nilimwandikia mama kila kitu. Nilimwandikia mambo ambayo hata mwenyewe nilikuwa sijajiambia, na nikamuuliza swali. Siku ya pili nikafungua nione amejibu nini. Barua yangu sikuiona. Niliitafuta kama mtu aliyepoteza ufunguo, nikaikuta ameihamishia kwenye folda ndogo inayoitwa Zilizokwisha. Chini yake ameandika, “Imeonekana. Ihifadhiwe.” Basi.

Nikasema labda anatafuta maneno. Nilisubiri Februari yote, Machi, Aprili. Kila Jumapili aliandika habari za bomba la uani. Mei tarehe thelathini nilikuwa nimekaa kwenye gari la kazi, mtandao ukashika, nikafungua nikaona amezipa barua zangu zote namba ili zifuatane. Hapo nikamtoa.

Mwambie unachoona kinafaa. Mimi sina la kumwambia, na kama ningekuwa nalo ningeliweka wapi.

Mpima


Jumatatu, 24 Juni

Fundi,

Leo nakuandikia kama mtu wa ofisi anavyomwandikia mtu wa ofisi.

Kwa miaka thelathini na moja nimekaa nyuma ya dirisha dogo, nikiwaambia watu jalada lao limehamishwa, liko juu, liko chini, warudi wiki ijayo. Mara nyingine lilikuwa kweli limehamishwa. Mara nyingine lilikuwa mezani kwangu na mkubwa amesema mwenyewe asipewe. Najua jibu la kumwondoa mtu dirishani, nimelitoa mimi mwenyewe mara nyingi. Lako la tarehe saba lilikuwa zuri, limepigwa pasi, ila nimekitambua kitambaa chake.

Kwa hiyo nakuuliza maswali mawili, na nataka uyajibu yote mawili. Nani ameniondoa? Na wewe hapo ulipo, una uwezo wa kunirudisha au huna?

Mama wa Mpima


Jumanne, 25 Juni

Mama,

Shikamoo, na nisamehe.

Aliyekuondoa ni mwanao. Hakukosea kitufe. Nimemwandikia, akanijibu kwamba alikusudia. Mtambo tuliuhamisha kweli, lakini haukupoteza ruhusa ya mtu yeyote. Nilikudanganya kwa sababu niliona aibu kuwa mimi ndiye wa kukuambia, na kwa sababu nilikuwa nazingoja barua zako. Nina funguo za masanduku mia nne na kumi na mawili katika ofisi hii. La kwangu huingia matangazo na malalamiko, na tangu dada yangu aache kuniandikia hakuna anayeniuliza kama nimekula. Hilo si la kwako kulibeba, nimelisema tu ili ujue uongo ulitoka wapi.

Swali la pili: ndiyo, naweza. Ningeandika anwani yako, ningechagua kiwango, ningebofya mara moja, na kabla chai yako haijapoa ungekuwa ndani. Nimekaa jana na leo mbele ya kitufe hicho. Sitakibofya, Mama. Folda ni ya kwake. Nikikuingiza kwa mlango wangu utasoma barua za mtu ambaye hataki uzisome, na siku akijua utakuwa umempoteza mara ya pili.

Sababu aliyonipa ni ya kwake pia, lakini kipande kimoja nitakupa kwa kuwa naona hukijui. Ile barua ya Februari ilikuwa na swali. Hukulijibu.

Fundi


Ijumaa, 5 Julai

Fundi,

Umenyamaziwa siku kumi. Ulistahili siku tatu, zile saba zilikuwa za kwangu.

Hukukibofya kitufe, na umefanya sawa. Ningekuwa mkubwa wako ningekupandisha cheo, ningekuwa mama yako ningekuchapa kwa ule uongo wa mtambo. Na umekula?

Hapa chini kuna barua ya mwanangu. Anwani yake ninayo, lakini naogopa akiona jina langu hatafungua. Ipitishe kwako. Kama ni kosa kiofisi, niambie nitafute njia nyingine.

Mama wa Mpima

*

Mwanangu,

Fundi ameniambia kweli, nami nimeipokea. Sina ugomvi na wewe. Nyumba ni yako, umemtoa mgeni aliyekuwa anahamisha viti bila kuuliza.

Nataka kukueleza mhuri, si kujitetea. Kule masjala, kila Desemba tulikuwa tunachoma. Majalada yalitolewa uani kwa toroli, miaka mizima ya watu, na ilikuwa kazi yangu kuamua lipi liende motoni. Lililoandikwa “Ihifadhiwe” hakuna aliyeruhusiwa kuligusa, hata mkurugenzi. Nilikuwa na mamlaka hayo peke yake duniani, kusema kitu kisichomwe. Barua yako niliiandikia hivyo. Na nikaiweka kwenye Zilizokwisha kwa kuwa nilitaka sana jambo lile liwe limekwisha.

Lakini ulikuwa umeniandikia mimi, si masjala. Ulileta maumivu yako nikayapa namba. Nimeirudia hiyo picha siku zote hizi kumi, wewe unafungua folda ukitafuta neno langu, na unakuta nimepanga. Nimeona haya, mwanangu.

Siombi unirudishe. Kama hutaki kuniandikia, nitaendelea na daftari.

Mama


Jumatatu, 8 Julai

Mama,

Shikamoo. Nimeipitisha asubuhi hii. Ni kosa kiofisi.

Nimekula, wali uliobaki jana. Umeuliza wewe ndiyo nikakumbuka kuupasha moto.

Fundi


Alhamisi, 11 Julai

Mama,

Shikamoo. Nimerudi kutoka porini tangu Jumatatu. Barua yako nilikaa nayo siku mbili bila kuifungua, kisha nikaisoma nimesimama.

Habari za kuchoma majalada hukuwahi kunieleza. Nilikuwa nakuta nguo zako zinanuka moshi, nikidhani mnachoma takataka.

Bado nina hasira. Nakuambia ili usije ukafikiri imekwisha ukaihamisha. Lakini Jumapili zote hizi nimekuwa nikifungua folda nikaikuta kama nilivyoiacha, na sikupata raha niliyoitarajia.

Nimekurudishia. Safari hii nimekupa ruhusa ya kusoma na kuandika tu. Kuhamisha huwezi, kubadilisha huwezi, ukijaribu kufungua folda ndogo itakukatalia. Zile tatu nimezivunja. Barua zote ziko mahali pamoja, ovyo, kama unavyochukia. Ya Februari nimeiweka juu.

Ingia ukiwa tayari. Huna haja ya kuniandikia habari za bomba.

Mwanao


Jumapili, 14 Julai
(ndani ya Droo)

Mwanangu,

Nimejaribu kuhamisha moja, nione kama kweli. Imekataa. Mikono imezoea, usinichukulie vibaya.

Nimeisoma tena barua yako ya Februari. Uliniandikia kwamba mkeo ametoka na begi moja tu, na hilo ndilo linalokuumiza zaidi, kwamba viatu vyake viko mlangoni, mafuta yake yako bafuni, kila kitu kipo isipokuwa yeye. Uliandika kwamba mkono wako umezoea kupika cha watu wawili, unapika, unapakua, ndipo unakumbuka. Mwishoni ukaniuliza, “Mama, baba alipofariki, ilichukua muda gani mpaka nyumba ikaacha kuwa kimya?”

Nilikaa na swali hilo siku nzima. Niliandika “miezi sita”, nikafuta. Niliandika “mwaka mmoja”, nikafuta. Kukudanganya sikutaka, na kweli nilishindwa kukuambia, ndipo nikakimbilia mhuri.

Kweli ni kwamba haijaacha. Ni mwaka wa tisa. Naiacha redio ikizungumza jikoni ninapokuwa chumbani, ili nikitoka nikute mtu anaongea. Sahani ya baba yako naiosha pamoja na nyingine ingawa hakuna anayeitumia. Kila ukija unasema, “Mama umeshazoea sasa,” na ninakuona unavyopumua ukisema hivyo, basi na mimi naitikia. Sijazoea. Niliogopa nikikujibu utajua mambo mawili kwa mara moja, kwamba mama yako ana upweke siku zote hizi, na kwamba wa kwako hautaisha kesho wala kesho kutwa. Nikaona bora ukose jibu. Nilikosea, kwa sababu ulibaki peke yako na mimi nikabaki peke yangu, kila mtu akidhani mwenzake yuko salama.

Dawa sina. Ningekuwa nayo ningeshainywa mwenyewe.

Jumamosi nakuja mimi, kwa basi la asubuhi. Usininunulie kitu wala usihangaike kusafisha. Hicho chakula cha watu wawili unachopika kwa kusahau, kipike.

Mama